Daktari ananitaka Mtwara mjini, nyumbani wanataka nizalie hapa hapa

Shangazi shikamoo,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miaka minne, naishi Newala vijijini na mume wangu, na mimba yangu sasa ina wiki 26. Ni mapacha. Siku nilipopimwa utrasaundi nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, maana kwetu hakuna aliyewahi kuzaa pacha. Furaha ilikatika pale daktari wa Mtwara aliponiambia kuwa watoto wangu wanatumia kondo moja la nyuma, ingawa kila mmoja ana mfuko wake, na kwamba mimba ya namna hii ni ya hatari. Akanipangia kipimo kila baada ya wiki mbili. Mara ya mwisho alisema maji ya mmoja ni mengi kidogo kuliko ya mwenzake, bado hayajafikia pa kutisha, ila tuendelee kuangalia. Kisha akasema ikifika wiki ya 30 nihamie Mtwara mjini, nikae karibu na hospitali hadi nijifungue, kwa sababu watoto wanaweza kuzaliwa kabla ya wakati na wakahitaji chumba cha uangalizi maalumu.

Hapo ndipo maneno yalipoanza nyumbani. Wiki ya 30 inaangukia mwanzoni mwa Oktoba, korosho ndiyo zinaanguka. Mume wangu si mtu mbaya, Shangazi, lakini mwaka huu tulikopa ili kupalilia na kupuliza, na anasema nikiondoka nani ataokota, nani ataanika, nani atapeleka ghalani. Mama mkwe, ambaye tunakaa naye kiwanja kimoja, alizaa watoto saba nyumbani na haoni kwa nini mimi nishindwe. Anasema pia kuwa pacha mmoja anamla mwenzake, na kwamba hilo limetoka kwangu, kwa sababu mimba hii niliibeba nikiwa na hasira. Ameshanichimbia mizizi ya kunichangamshia uchungu siku ikifika.

Lakini si hayo tu yanayoninyima usingizi. Mwaka jana nilimsindikiza jirani yangu aliyejifungua njiti. Nilimwona mtoto kupitia mlangoni tu, mwili mzima mirija. Jirani aliambiwa asubiri nje. Akasubiri, na nyumbani hakurudi na mtoto. Tangu hapo nikisikia neno njiti mwili unakufa ganzi. Naogopa wanangu wakiwekwa mle nitashindwa hata kuwatazama. Nitakuwa mama wa aina gani? Na kwa kuwa ni wawili, mmoja akiwa na nafuu na mwenzake yuko taabani, mimi nikae upande upi?

Naomba unisaidie. Ni lazima nihame? Na kile chumba nijiandae nacho vipi?

Mama Kijacho, Newala

*

Marahaba mwanangu. Pole, na hongera. Naona tangu upate majibu kila mtu amekupa lake, na hakuna aliyekupongeza. Una watoto wawili wanaocheza tumboni. Hongera sana.

Nianze na hilo la kulana, kwa sababu lisipokutoka kichwani hutasikia mengine. Hakuna pacha anayemla mwenzake, na hasira yako haikuingia kwenye kondo. Mapacha wa kondo moja hutokana na yai moja ambalo, baada ya kurutubishwa, liligawanyika lenyewe siku za mwanzo kabla hata hujajua kama una mimba. Ulichokula, ulichowaza, uliyegombana naye, vyote havihusiki. Sasa kwa kuwa kondo ni moja, mishipa ya damu ya huyu na ya yule hukutana humo, na mara nyingi damu hupita huku na huku kwa usawa. Kwenye mimba 10 hadi 15 kati ya kila 100 za aina hii, usawa huo huvurugika. Mmoja hupokea damu nyingi, hukojoa sana, maji yake yanajaa. Mwenzake hupungukiwa na maji yake hukauka. Wote wawili wanaumia, hata huyo anayeonekana kunufaika, kwa sababu moyo wake unaelemewa. Mweleze mama mkwe hivyo hivyo.

Daktari anapopima maji kila baada ya wiki mbili, ndicho anachokitafuta, na akikiona mapema ana muda wa kukuhamishia hospitali kubwa zaidi au kupanga siku ya kuwatoa watoto. Usikose hata kipimo kimoja. Na katikati ya vipimo, tumbo likijaa ghafla ndani ya siku mbili tatu, likakaza ukawa unahema kwa shida, au watoto wakipunguza kucheza, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Vivyo hivyo ukiona damu, chupa ikipasuka, tumbo likibana na kuachia kwa mpangilio, au ukipata kichwa kikali na macho kuona ukungu. Mimba ya mapacha hupandisha presha kwa urahisi zaidi kuliko mimba ya mtoto mmoja.

Mizizi usinywe. Nasema kwa heshima yote kwa mama yetu huyo, ila dawa ya kusukuma uchungu ambayo haina kipimo inaweza kulibana tumbo kupita kiasi, watoto wakakosa hewa au mfuko wa uzazi ukachanika. Ipokee kwa mikono miwili, shukuru, iweke.

Sasa kuhama. Hama, mwanangu. Zaidi ya nusu ya mapacha wote huzaliwa kabla ya wiki ya 37. Na kwa mimba ya kondo moja, hata mambo yakienda vizuri, madaktari huwa hawangoji wiki ya 40, hupanga kuzalisha kwenye wiki ya 36 au 37. Hivyo huendi kukaa mjini milele. Lakini sababu kubwa ninayotaka mumeo aisikie ni hii. Zipo sindano anazochomwa mama za kukomaza mapafu ya watoto, pale inapoonekana atajifungua kabla ya wiki ya 34. Mapafu ya njiti hayana ule utelezi unaoyafanya yafunguke na kubaki wazi, na sindano hizo huharakisha utengenezwaji wake. Nimefanya kazi wodi ya wazazi na ya watoto wachanga sehemu kubwa ya maisha yangu, na ninakwambia tofauti ya mtoto aliyepata sindano na ambaye hakupata unaiona kwa macho, kwenye mbavu zake anapovuta pumzi. Shida ni kwamba sindano zinahitaji muda. Hufanya kazi vizuri zaidi zikipata angalau siku nzima kabla ya mtoto kutoka. Ukianza uchungu usiku Newala, usafiri utafutwe, mshuke hadi Mtwara, ufike njia imeshafunguka, sindano hiyo haina tena nafasi. Ukiwa mita chache kutoka hospitali, unaingia tumbo linapoanza tu kubana, na daktari anapata siku yake.

Na watoto wakizaliwa njiani, wataisafiri barabara ile wakiwa na kilo moja na ushei kila mmoja, bila joto, bila oksijeni. Hakuna gari linalomsafirisha njiti vizuri kuliko tumbo la mama yake.

Mwambie mumeo hayo usiku mmoja mkiwa wawili, mama asiwepo. Usimwambie "daktari kasema", maana hapo anajiona anaamrishwa. Mwambie habari ya mapafu na ya sindano, aelewe mwenyewe. Kisha zungumzeni korosho kama watu wazima. Vibarua wa kuokota wanalipwa kwa malipo ya mnada wa kwanza, watu wengi hufanya hivyo. Kama bado mnavutana, mpigie mjomba wako. Sisi watu wa kusini mjomba bado ana neno lake kwa mtoto wa dada yake, na neno la mjomba kwa mumeo lina uzito ambao la kwako na la kwangu hayana. Mwombe mjomba pia nafasi kwa ndugu yeyote aliyepo Mtwara, Mikindani au Naliendele, hata chumba kimoja. Ukikosa ndugu, uliza hospitalini kama wana nyumba ya kusubiria wajawazito. Hospitali yenyewe achague daktari anayekufuatilia. Mtwara ipo Ligula na ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, na wapo wanaopelekwa Ndanda. Wewe muulize jambo moja: nikijifungua wiki ya 31 usiku wa manane, wodi gani itawapokea wanangu, na ina mashine ya kuwasaidia kupumua?

Kabla hujahama, weka namba 115 kwenye simu yako na ya mumeo. Ni ya bure, ndiyo ya m-mama, usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Huduma ya mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano katika hospitali za serikali kwa sera ni bure, lakini wewe na mimi tunajua kuna siku dawa inaandikwa ukanunue nje. Bebeni akiba. Ikiisha, msijifiche. Kila hospitali ya rufaa ina ofisi ya ustawi wa jamii, na kazi yao ni hiyo.

Nije kwenye chumba.

Ulichokiona mlangoni kilikutisha kwa sababu hakuna aliyekueleza unachokiona. Nikueleze mimi. Utaingia na kukuta joto, pengine la kukutoa jasho, kwa sababu njiti hana mafuta mwilini ya kumtunza. Utamkuta na kofia na soksi. Ngozi nyembamba, mishipa inaonekana. Mrija mwembamba unaopita puani au mdomoni hadi tumboni ni wa maziwa. Mtoto hujua kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja kuanzia kama wiki ya 32 hadi 34, kwa hiyo kabla ya hapo analishwa. Akiwa na taa ya bluu na macho yamefunikwa, ni manjano inatibiwa. Na ukimkuta na mirija miwili mifupi iliyokaa puani, fuata bomba lake kwa macho hadi mwisho. Utakuta limezama kwenye chupa ya maji, na maji yanatoa mapovu. Mashine hiyo inasukuma hewa kidogo kidogo ili mapafu yasifunge. Mapovu yakitoka, hewa inafika kwa mtoto. Yakikoma, mwite nesi, pengine mrija umechomoka tu puani. Nimeona akina mama wakishinda wanatazama zile chupa, na wengine wamewahi kuona yamekoma kabla yetu.

Mashine zitalia. Mara nyingi ni ile klipu ya mguuni ya kupima oksijeni imelegea. Mara nyingine mtoto amesahau kupumua, kweli anasahau, ubongo wake bado mchanga. Nesi atamgusa unyayo, atamsugua mgongo, atavuta pumzi tena, na ipo dawa ya kumsaidia. Uzito utashuka siku za kwanza. Usipige simu nyumbani kulia, hushuka kwa wote, na hadi wiki mbili hivi wengi huwa wameurudisha.

Jirani yako aliambiwa asubiri nje. Inaniuma kuisoma, na imewapata wanawake wengi, lakini wewe usikubali kuwa mgeni wa wanao. Mwaka 2021 kilichapishwa kilichopatikana kwenye utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo. Watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8 walifungwa kifuani kwa mama mara tu walipozaliwa, badala ya kungoja watengemae kwanza kwenye mashine. Vifo vilipungua kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake, kwamba njiti aanze kangaruu, yaani kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi, mapema iwezekanavyo na aikae saa 8 hadi 24 kwa siku. Kwa hiyo ukiingia mle, waulize manesi kwa adabu: "Naweza kumbeba lini?" Uliza tena kesho. Yupo atakayekwambia bado, na pengine ana sababu. Basi weka mkono wako kichwani kwa mtoto na mwingine miguuni, utulie hivyo bila kumpapasa. Anaujua mkono wako.

Kazi yako ya pili ni maziwa, na inaanza saa ile ile, hata kama umefanyiwa upasuaji. Osha mikono. Shika titi kwa kidole gumba juu na cha shahada chini, nyuma kidogo ya weusi, sukuma kuelekea kifuani, kisha bana na uachie. Zungusha vidole, usivute chuchu. Siku ya kwanza utapata matone ya njano yanayojaza kifuniko cha chupa. Utaona aibu kumpelekea nesi kitu kidogo namna ile. Mpelekee. Tumbo la mtoto wako siku hiyo linataka hicho hicho, na matone yale yana kinga ambayo hakuna dawa ya dukani iliyo nayo. Kamua mara nane au zaidi kwa siku, na usiku usiuruke. Mwili hauoni mtoto titini, unachohesabu ni mara ulizokamua, na wewe unatengeneza ya wawili.

Umeniuliza ukae upande upi. Mwanangu, swali hili ndilo lililonifanya niichague barua yako, na jibu ni kwamba vifua viwe vingi. Mapacha wanaweza kufungwa pamoja kwa mama mmoja wakiwa na nafuu, manesi watakuonyesha. Lakini mmoja akiwa kwenye mashine na mwenzake yuko tayari kwa kangaruu, anayeweza kumbeba yule mwenye nafuu si wewe peke yako. Baba anaweza. Kifua cha mwanaume kina joto sawa na chako. Na bibi anaweza. Ndiyo, namsema mama mkwe wako huyo huyo. Mtu aliyelea watoto saba anajua kubeba na anajua kukesha, anachokosa ni kupewa kazi. Mwambie, "Mama, watoto ni wawili na kifua changu ni kimoja, nakuomba twende wote." Mwanao mkubwa abaki kwa mama yako mzazi. Naamini akipewa nafasi hiyo, atakuwa wa kwanza kumfukuza mtu anayemwita mjukuu wake majina. Mama mkwe akikataa, tafuta dada au shangazi, ila mtake yeye kwanza.

Kwa hiyo wewe kaa na aliye taabani wakati mwenzake amebebwa, kisha mbadilishane. Hawatakuwa sawa. Mmoja ataanza kunyonya, mwenzake bado yuko kwenye mrija. Mmoja anaweza kuruhusiwa kwanza. Usimlinganishe huyu na yule kila asubuhi kwenye mizani, utachoka bure. Linganisha kila mmoja na jana yake.

Kuna jambo sitalikwepa, kwa kuwa na wewe hukulikwepa. Njiti wengine hufariki, na pacha mmoja anaweza kuondoka mwenzake akabaki. Ikitokea, una haki ya kumshika, kumpa jina, kumwosha na kumzika kwa taratibu zenu, na una haki ya kulia hata kama watu watakwambia "shukuru umebakiwa na mmoja". Aliyebaki hazibi nafasi ya mwenzake. Endelea kumkamulia huku unalia, vyote viwili vinawezekana, nimeviona. Lakini usiizike mimba yako leo. Wanao wana wiki 26 na wanacheza, na kila wiki wanayokaa humo inawaongezea nguvu.

Na hiyo ganzi unayoiogopa huenda ikaja. Mama anaweza kusimama mbele ya mtoto wake wa siku mbili asihisi kitu. Ni mwili unaojikinga na hofu, na mara nyingi huyeyuka mtoto anapowekwa kifuani. Fanya kazi za mikono kwanza, kamua, badili nepi, mguse, upendo utakuja ukikukuta hapo. Ila wiki mbili zikipita huli, hulali hata ukipata nafasi, au unawaza kujidhuru, mwambie nesi wazi wazi. Hiyo ni sonona, na inatibika.

Ukifika Mtwara, wiki ya kwanza tu, kabla uchungu haujaanza, mwombe daktari akupeleke wodi ya watoto wachanga umwone sista wa zamu. Mwambie una mapacha wa kondo moja na unaogopa. Omba akuonyeshe chumba, chupa ya mapovu na mahali pa kukamulia. Nenda na mumeo kama amekuja, au na mama mkwe. Kwenye begi weka kofia nne ndogo, soksi, kanga nyingi za kubebea, kikombe chenye mfuniko, na blauzi zako zote ziwe za vifungo mbele. Za bibi pia.